Njiti za Kiberiti

Nilitangaza Alhamisi, pale kibandani kwa Chepng'eno,
kwamba Jumamosi saa kumi kwangu kuna karamu ya kuonja nyanya.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Nyanya na nini, Kidiavai?"
Nyanya na chumvi.
"Na ugali?"
Hakuna ugali.
"Basi hiyo si karamu, ni adhabu."

Lakini walikuja.
Mtaa wa Shabab hauachi jambo lipite bila shahidi.
Alikuja Nafuna na kiti chake, maana vyangu anavijua.
Alikuja Mzee Barng'etuny, koti la kanisani, kalamu mfukoni,
kana kwamba ameitwa kusahihisha mitihani.
Alikuja Gathoni wa ploti ya nyuma, na mama yake,
na mwanawe wa miaka sita aliyetangaza mlangoni:
"Nyanya amekuja kula nyanya!"
Tukacheka, hata nyanya mwenyewe,
huyo, si hizo,
akafunika pengo kwa ncha ya leso.

Mezani sahani saba.
Miaka thelathini natengeneza saa nyuma ya stendi;
mkono wangu hukata nyanya nyembamba kama kioo cha saa,
ukiinua kipande unamwona jirani, mwekundu, upande wa pili.
Sikuandika majina. Jina hudanganya ulimi.
Niliweka njiti za kiberiti tu: moja, mbili, mpaka saba.
Chumvi kwenye kizibo cha soda.
Maji ya kusukutua, nao wakayanywa.

Ya kwanza ilikuwa ya sokoni, ngumu,
iliyozoea kreti na lori.
"Hii," akasema Barng'etuny, "unaipigia mpira,
halafu unaiuza."
Ya pili maji matupu, imelelewa kwa pupa.
Ya tatu, ya Subukia, ilikuwa tamu
kama mtu anayetaka kukukopa.
Ya nne ilimponyoka mtoto, ikaliwa na kuku.
Ya tano ilikuwa na uchachu wa kufumba jicho moja;
Nafuna akaiomba tena, na tena.
Mwonja asali haonji mara moja, akajitetea,
na hata asali haikuwapo.
Ya sita siikumbuki. Niwie radhi, ya sita.

Ya saba ilikuwa yangu.
Haikuwa na sura: imepasuka mabegani,
kijani kikaidi karibu na kikonyo,
imekomaa ndani ya kopo la rangi juu ya paa,
mahali ninapouona Menengai asubuhi kama hakuna vumbi.
Sikuipanda. Ilijiotea
katika udongo niliouchota kando ya reli.

Nyanya alikiweka kipande ulimini
akaacha kutafuna.
Tukadhani chumvi imezidi.
Kisha akauliza, si mimi, aliiuliza sahani:
"Hii imetoka Kuresoi?"
Nikasema sijui, mama. Imetoka kwenye kopo.
"Ilikuwa ikiota nyuma ya zizi. Hatukuipanda.
Tuliila tumesimama, ina joto la jua,
tunaifutia kwenye nguo."
Akahesabu kitu kwa vidole.
Haikuwa miaka; alifika kumi na mmoja akaanza upya.

Hakuna aliyeuliza waliondoka lini.
Barng'etuny alikuwa na kalamu wazi; akaifunga.
Akamsogezea sahani, yeye wa koti la kanisani,
bila neno, polepole,
na kizibo cha chumvi kando yake.

Kura hatukupiga.
Chepng'eno alichelewa, akaja na ugali chini ya sufuria iliyopinduliwa.
"Nilijua tu," akasema.
Tukala njiti zote,
ya sita pia.

Usiku niliokoa mbegu zilizobaki sahanini
kwa koleo dogo ninaloshikia mishale ya saa,
nikazianika juu ya gazeti, ukurasa wa tanzia,
maana ndio uliokuwa karibu.
Kulipokucha zilikuwa zimegandamana na karatasi.
Ukibandua moja, inatoka na herufi.
Nikakata nusu ya ukurasa, nikaikunja,
nikamwita mtoto wa Gathoni:
Mpelekee nyanya nyanya zake.
Akafunua, akachungulia.
"Hizi si nyanya."
Bado, nikamwambia. Shika vizuri.